Bure inaishia wapi? Leseni na bei za zana za kutengeneza programu moja ya Android, iPhone na Windows

#1 MwanaJinja

Wakuu, habari za kazi. Tupo wanne, kampuni ndogo iliyosajiliwa URSB (msajili wa kampuni wa Uganda), bado hatujafikia kiwango cha VAT. Tunaandaa kotesheni ya Sacco moja: wanachama waone salio na michango kwenye simu, Android na iPhone, na wahudumu wa kaunta watumie mfumo huohuo kwenye kompyuta za Windows. Tunataka msimbo (code) mmoja utoe vyote vitatu.

Tunaangalia zana tatu: Flutter ya Google, .NET MAUI ya Microsoft, na Qt. Mwenzetu mmoja ni mtu wa Delphi tangu zamani naye anaipigia debe. Siulizi ipi ni nzuri, mabishano hayo yamejaa humu. Nauliza hivi: kipi kinalipiwa, mara moja au kila mwaka, alipe nani, na hiyo "bure" ya kila moja inaishia wapi? Hesabu nitaipiga kwa dola moja shilingi 3,600.

#2 FundiMsimbo

Mkuu, anza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvikoroga: leseni ya zana yenyewe, na leseni ya kihariri unachoandikia.

Flutter na lugha yake Dart ziko chini ya leseni huria ya BSD ya vifungu 3. Huna kikomo cha mapato, huna kikomo cha idadi ya watu, na hulazimiki kumpa mtu msimbo wako. Unachodaiwa ni kuweka tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni ndani ya programu, basi. Flutter hukurahisishia: ukiita `showLicensePage(context: context)` inakusanya yenyewe faili za LICENSE za vifurushi vyote ulivyotumia. Weka kitufe kwenye ukurasa wa "Kuhusu", umemaliza.

.NET MAUI ni MIT, leseni huria nyingine, nayo haina kikomo. Kinachobana ni Visual Studio, kihariri cha Microsoft. Toleo la Community ni bure kwa mtu binafsi, na kwa kampuni isiyo kubwa ni bure kwa watumiaji wasiozidi 5. "Kampuni kubwa" kwa Microsoft ni yenye kompyuta au watumiaji zaidi ya 250, AU mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Neno ni "au", si "na". Ninyi wanne mmo ndani. Ila someni hapa vizuri: kampuni kubwa hairuhusiwi kutumia Community kutengeneza programu zake, na katazo hilo linawagusa wafanyakazi wake pamoja na makandarasi wake. Kwa hiyo udogo wenu peke yake hautoshi, lazima mwangalie na ukubwa wa mteja. Sacco ya kijijini haina neno. Sacco kubwa ya watumishi yenye mapato ya kuvuka shilingi bilioni 3.6 kwa mwaka ni "kampuni kubwa", nanyi mnapoifanyia kazi mnahitaji leseni ya kulipia. Usajili wa Professional ni dola 45 kwa mtu kwa mwezi kwa bei ya orodha. Watu wanne mwaka mzima ni dola 2,160, yaani shilingi 7,776,000.

Delphi: toleo la Community lina kikomo cha mapato cha dola 5,000 kwa mwaka na timu isiyozidi watu 5. Kwa hesabu yako hiyo ni shilingi milioni 18. Mkataba mmoja wa Sacco unaweza kuimaliza. Na hayo mapato ni ya kampuni nzima, si yale yaliyotokana na Delphi tu. Watu wengi huliruka hilo. Leseni ya Community nayo ni ya mwaka mmoja mmoja, unaihuisha.

Qt nitaiandikia peke yake, ina mambo.

#3 FundiMsimbo

Qt ina milango mitatu: leseni ya kulipia, na leseni huria mbili zenye masharti, LGPLv3 na GPL. Wengi huingia kwa LGPL wakidhani ni kama MIT. Siyo. Masharti yake kwa programu isiyotoa msimbo wake ni haya: kwa kawaida uunganishe maktaba za Qt kwa njia ya dainamiki (faili za DLL zikae kando na programu yako), umwambie mtumiaji kwamba Qt imo na umpe maandishi ya leseni, umpe njia ya kupata msimbo wa hiyo Qt uliyotumia, na usimzuie kuibadilisha Qt kwa toleo lake. Kwenye Windows hayo yanatekelezeka bila shida. Kwenye iPhone ndipo penye mwiba. Programu hutiwa sahihi na kupitia duka la Apple, mtumiaji hawezi kubadilisha maktaba ndani yake kiurahisi. Huo mgongano si wa nadharia: VLC iliondolewa App Store mwanzoni mwa 2011 kwa sababu ya GPL, ikarudi 2013 baada ya leseni kubadilishwa.

Tena si kila moduli ya Qt ina LGPL. Qt Charts, kwa mfano, kwa upande wa huria iko GPL peke yake kwa miaka mingi. Ukiichomeka kwenye programu iliyofungwa kwa ajili ya grafu moja ya michango, programu nzima imeingia GPL, yaani mnadaiwa kutoa msimbo wake.

Jambo la mwisho: Qt Group hawakubali mradi uchanganye leseni ya kulipia na ya huria. Ile mbinu ya "tuanze bure na LGPL, tukipata pesa tununue leseni ya mtu mmoja" haikubaliki kirahisi. Wanahesabu kila anayegusa mradi. Amueni siku ya kwanza.

Kwa kazi yenu, Qt siioni.

#4 Arua_Nile

Si mchukue Flutter tu, gharama sifuri, uzi ufungwe 😂

#5 FundiMsimbo

Ssebo, usifunge bado. Flutter kujenga toleo la Windows inadai kikusanyi (compiler) cha C++ cha Microsoft. Ukiendesha `flutter doctor` bila hicho itakuambia Visual Studio haipo, na inataka ile seti ya "Desktop development with C++". Kwa hiyo leseni ya Visual Studio inaingia hata kwa mtu wa Flutter ambaye hajawahi kuifungua Visual Studio. Na wale wanaosema "nitaweka Build Tools peke yake": leseni ya Build Tools inategemea uwe na leseni halali ya Visual Studio. Sharti ni lilelile, dirisha tu ndilo limekosekana.

Nafuu iliyopo ni kwamba hamhitaji leseni nne. Anayejenga toleo la Windows ni mashine moja na mtu mmoja. Wengine watatu waandike Dart kwenye VS Code au Android Studio (vihariri vingine vya bure), wajaribu kwenye Android. Mteja akiwa mkubwa, mnalipia mtu mmoja: dola 45 mara 12 ni 540, shilingi 1,944,000. Visual Studio 2022 Professional ya kudumu isiyo na usajili bei yake ya orodha ilikuwa dola 499, hiyo ni 1,796,400, na haikatiki mwaka ukiisha. Kama kazi ni ya zaidi ya mwaka, ya kudumu inawalipa kuliko ya mwezi.

#6 Kaunta7

Swali la haraka: MAUI bila Visual Studio je? Si kuna VS Code?

#7 FundiMsimbo

Inawezekana. SDK (seti ya zana za kujengea) ya .NET ni MIT, unajenga kwenye terminali kwa `dotnet publish -f net9.0-android -c Release`. Kwenye VS Code, kiendelezi cha msingi cha C# hakina masharti ya mapato, ila C# Dev Kit kina masharti yaleyale ya Visual Studio, na kiendelezi cha MAUI kinakitegemea. Ukikikwepa unabaki na kihariri na terminali, bila starehe.

Kuna gharama nyingine ya MAUI isiyoandikwa kwenye ukurasa wa bei: muda wa sapoti. .NET 8 yenyewe ilipewa sapoti hadi Novemba 2026, lakini MAUI 8 iliishiwa sapoti Mei 2025. Kila toleo la MAUI ni kama miezi 18. Maana yake kila mwaka mtu wenu mmoja ataketi siku kadhaa kuhamisha toleo, kurekebisha plagini zilizovunjika na kupima upya. Hiyo iingizeni kwenye mkataba wa matengenezo, la sivyo mtaifanya bure.

#8 DadaSeva

Mmeongelea zana, maduka bado, na huko ndiko pesa halisi inakotoka.

Google Play: dola 25, mara moja. Apple Developer Program: dola 99 kila mwaka. Usipohuisha ya Apple, programu inatoka dukani. Aliyekwisha kuipakua anaendelea nayo kwenye simu yake lakini sasisho hakuna. Kwa mfumo wa fedha hiyo ni hatari, maana siku ukihitaji kuziba tundu la usalama huna mlango wa kupitishia.

Sasa, akaunti iwe ya nani? MwanaJinja, msijaribu kuiweka kwenye akaunti binafsi ya mmoja wenu. Miongozo ya Apple kifungu 5.1.1(ix) inataka programu za benki na huduma za fedha ziwasilishwe na taasisi inayotoa huduma yenyewe, si mtu binafsi. Google nao wanataka mwenye huduma za fedha awe na akaunti ya shirika. Kwa hiyo Sacco ndiyo ifungue akaunti zote mbili, ilipe yenyewe, kisha iwaalike ninyi kama watumiaji wenye haki za kupakia matoleo. Kwenye kotesheni mnaandika "ada za maduka: zinalipwa na mteja moja kwa moja", na mnaziorodhesha ili asishtuke.

Faida nyingine: akaunti binafsi ya Play iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima ifanye jaribio lililofungwa (closed testing) la watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuchapisha (zamani walikuwa 20). Akaunti ya shirika haina sharti hilo.

Akaunti ya shirika inataka namba ya D-U-N-S, namba ya utambulisho wa kampuni inayotolewa na Dun & Bradstreet (D&B). Ni bure, msikubali mtu awauzie "huduma ya haraka". Kinachokwamisha ni majina. Cheti kinasema "Co-operative Society Limited", mtu anajaza "Coop Sacco Ltd", Apple wanalinganisha herufi kwa herufi na kumbukumbu za D&B, maombi yanarudi. Anwani nayo hivyohivyo: ukitumia sanduku la posta sehemu moja na jina la barabara sehemu nyingine, unarudishwa. Apple watataka pia tovuti inayofunguka kwa jina la kikoa (domain) cha Sacco na barua pepe ya kikoa hicho, Gmail haipiti. Sacco isiyo na tovuti ianze na hilo.

#9 MwanaJinja

Asante dada. Basi iPhone tunajengea wapi? Hatuna Mac. Kuna mtu anatuuzia MacBook Air ya 2017 kwa bei nzuri hapa mjini.

#10 Bugolobi_Bits

Usiinunue. Aprili 2025 Apple waliacha kupokea programu iliyojengwa na Xcode (zana yao ya kujengea programu za iPhone) iliyo chini ya 16, na kiwango hicho hupanda, na Xcode 16 inataka macOS 14.5. MacBook Air ya 2017 haifiki macOS 14, mwisho wake uko nyuma ya hapo. Ukiiona bei nzuri ya Mac ya zamani, muulize muuzaji mwaka wa mashine kabla ya kuuliza RAM. Na hata zile za Intel zilizobaki, macOS 26 ndiyo ya mwisho kwao. Mkinunua, nunueni yenye chipu ya M1 kwenda juu. Mac mini ndiyo rahisi zaidi kwa kuwa skrini na kibodi mnavyo.

Kuweka macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple au kwenye mashine pepe ndani ya HP yenu ni kuvunja leseni ya macOS yenyewe. Kwa mfumo wa fedha wa mteja msicheze huko.

Njia ya tatu ni kukodi. Codemagic wanatoa dakika 500 za bure kwa mwezi kwenye mashine za Mac kwa akaunti ya mtu mmoja. Ujenzi mmoja wa Flutter wa iPhone ukichukua dakika 12, mnapata kama mara 40 kwa mwezi, ambazo ni nyingi kama hamjengi kwa kila mabadiliko madogo. Wekeni ujenzi uanze kwa lebo ya toleo tu, si kwa kila msukumo wa msimbo kwenye tawi kuu. Timu inayotaka watu kadhaa kwenye akaunti moja inaingia mpango wa kulipia.

Kwa wanaotumia React Native na Expo, zana nyingine za aina ya Flutter: Expo yenyewe ni MIT, kinacholipiwa ni EAS, huduma yao ya ujenzi. Mpango wa bure una idadi ya kujenga kwa mwezi na foleni ndefu. Android huhitaji kabisa kulipa: `eas build --local` kwenye Linux yako, au `npx expo prebuild` kisha `./gradlew bundleRelease`. iPhone kwa njia hiyo inarudi palepale, inataka Mac.

Kujaribu tu kwenye iPhone yako bila dola 99 kunawezekana kwa Apple ID ya kawaida, ila programu inakufa baada ya siku 7. Kwa maonyesho kwa bodi ya Sacco inatosha. Isakinishe asubuhi ya siku ya mkutano.

#11 KodiNaHesabu

Naona wote mnazidisha dola kwa 3,600 mnaishia hapo. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hawajaonekana kwenye uzi huu.

Kwanza VAT. Kiwango ni 18%, na wauzaji wa huduma za mtandaoni walio nje nao wanatakiwa kuitoza kwa wateja wa Uganda. Muuzaji aliyesajiliwa anaiongeza juu ya bei yake: dola 45 inasomeka 53.10 kwenye ankara. Mwaka mzima wa ule usajili mmoja wa Professional ni 637.20 badala ya 540. Kwa kuwa hamjafikia shilingi milioni 150 za mauzo na hamjasajiliwa VAT, hiyo 18% hamuirudishi popote, ni gharama yenu kamili. Iwekeni kwenye bei.

Pili kodi ya zuio. Mrabaha unaolipwa kwa asiye mkazi ni 15%. Ada ya leseni ya programu ni mrabaha au ni ununuzi wa bidhaa kama bidhaa nyingine? Inategemea maneno ya mkataba: ukipewa haki ya kutumia kazi yenye hakimiliki kwa kipindi, unaelekea kwenye mrabaha, nakala ya kawaida ya dukani kwa matumizi yako ya ndani ina hoja ya kutokuwa mrabaha. Tatizo ni kwamba mnalipa kwa kadi. Kadi haikati 15%, muuzaji anapokea yote, na mdaiwa wa kodi anabaki kuwa ninyi. Basi mnakuza: 499 gawanya kwa 0.85 ni 587.06, kodi dola 88.06. Yaani si 15% tena, ni karibu 17.65% juu ya bei. Mhasibu wenu asome mkataba wa leseni kabla ya kadi kupitishwa, na ankara ziwe kwa jina la kampuni na TIN, si jina la mwenye kadi. Ankara yenye jina la mtu binafsi inakataliwa kama gharama ya kampuni bila kusita.

Tatu, benki. Kadi ya akaunti ya shilingi inabadilishiwa fedha kwa bei ya benki ya siku hiyo, ambayo haiwi ile mnayoiona Google, na juu yake kuna ada ya muamala wa nje. Mimi huongeza 5% kwenye kila mstari wa dola nikiandaa bajeti ya mteja.

#12 Kaunta7

Na kadi ikikosa salio siku ya kukatwa?

#13 KodiNaHesabu

Usajili unasimama. Kwa kihariri hilo ni usumbufu, kwa huduma inayoendesha programu ni balaa. Wekeni tarehe za kukatwa zote kwenye kalenda na pesa iwe kwenye kadi siku tatu kabla. Usajili wa mwaka ni bora kuliko wa mwezi kwa sababu hiyo tu, hata kama punguzo ni dogo.

#14 MwanaJinja

Hii imeniamsha. Swali lingine: vifurushi vya ndani. Tunataka grafu, PDF za taarifa za mwanachama, labda na video fupi za mafunzo. Kila kitu kwenye pub.dev, hifadhi ya vifurushi vya Flutter, si bure?

#15 DadaSeva

Kupakua ni bure. Leseni ni habari nyingine.

Mfano wa karibu: `syncfusion_flutter_charts`. Iko pub.dev, unaandika mstari mmoja kwenye `pubspec.yaml`, inafanya kazi vizuri sana, haitoi onyo lolote kwenye skrini. Lakini ni bidhaa ya kulipia. Leseni yao ya Community ni kwa kampuni yenye mapato chini ya dola milioni 1, waprogramu wasiozidi 5 na wafanyakazi wasiozidi 10 kwa jumla. Ninyi wanne mnaweza kuiomba na kuitumia. Shida inakuja siku mnaikabidhi Sacco msimbo wote na mtu wao wa IT anaanza kuuendeleza: hapo wanaohesabiwa ni Sacco, na wafanyakazi 10 wameshavuka zamani. Tumieni `fl_chart`, ni MIT, kwa grafu za michango inatosha na kubaki.

PDF: kama mtazitengeneza upande wa seva kwa Java au .NET, angalieni iText. Ni AGPL au ulipie. AGPL inagusa hata huduma inayotolewa kupitia mtandao, kwa hiyo kusema "haitoki kwenye seva yetu" hakuwaokoi.

Video: wengi walikuwa wanachomeka FFmpegKit, maktaba ya kusindika video. Ilikuwa LGPL, na vifurushi vyake vyenye "gpl" kwenye jina vilikuwa GPL. Januari 2025 ikastaafishwa, na baadaye faili zake zilizojengwa tayari zikaondolewa kwenye hifadhi za umma. Miradi iliyokuwa inajengeka jana ikaanza kugoma na kosa la kifurushi kutopatikana, bila mtu kugusa msimbo. Kwa video fupi za mafunzo wala hamuihitaji: `video_player` ya Flutter inacheza MP4.

Utaratibu wa kukagua, kabla ya kutia sahihi mkataba:

1. Endesha `flutter pub deps` uone na vile vifurushi vilivyoingia kwa mlango wa nyuma, si ulivyoviandika mwenyewe tu.
2. Kila kimoja, soma faili la LICENSE lenyewe. Beji ya ukurasani haitoshi.
3. MIT, BSD, Apache 2.0: pita. LGPL: simama, uliza kinaunganishwaje. GPL, AGPL, au maandishi ya kampuni: toa, au pata barua.
4. Weka `pubspec.lock` kwenye hifadhi ya msimbo, na nakala ya vile visivyobadilishika kirahisi.

Kwa wa React Native, `npx license-checker --summary` inakupa jedwali la leseni zote kwa dakika moja.

#16 Arua_Nile

Mimi nabaki pale pale: bure ni bure. Kampuni ikibadilisha bei unahama.

#17 Bugolobi_Bits

Unahama na nini? LiveCode, zana ya kutengeneza programu, ilikuwa na toleo la huria, wakalifunga 2021. Unity, wenye zana ya kutengeneza michezo, walitangaza ada kwa kila usakinishaji Septemba 2023, wakaifuta Septemba 2024. Mwaka mzima wenye studio ndogo walikuwa hawajui watalipa nini. Visual Studio App Center ilifungwa 31 Machi 2025 na CodePush, huduma yake ya kusukuma sasisho, ikaenda nayo. Ionic waliacha kuuza bidhaa zao za kulipia kwa wateja wapya 2025, ingawa zana yao ya Capacitor imebaki MIT na inaendelea.

Xamarin, mtangulizi wa MAUI, ndiyo kesi ya kusoma. Sapoti iliisha 1 Mei 2024. Programu zilizojengwa nayo hazikuzimika. Lakini mwisho wake ilikuwa API 34 ya Android (namba ya toleo la mfumo ambalo programu inalenga), na tangu 31 Agosti 2025 Google Play inataka sasisho zilenge angalau API 35. Programu ipo dukani, imeganda, huwezi kuirekebisha bila kuiandika upya.

Kwa hiyo nikisoma leseni nauliza: nikiacha kulipa leo, nabaki na nini? JetBrains, wauzaji wa vihariri, ukilipa miezi 12 mfululizo unabaki na haki ya kudumu ya toleo lile ulilokuwa nalo mwanzo wa kipindi hicho. Xojo, zana nyingine ya kulipia, ukiacha, matoleo yaliyotoka ndani ya mwaka wako yanaendelea kujenga. Usajili wa kawaida wa mwezi: hubaki na kitu. Na zile za kuburuta na kudondosha kama FlutterFlow, angalia mpango gani unakuruhusu kutoa msimbo nje. Wa bure hauruhusu. Usimjengee mteja kitu usichoweza kukitoa.

#18 MwanaJinja

Mmegusa kukabidhi msimbo. Sacco wameandika kwenye maombi yao "mfumo uwe mali yetu". Tukubali?

#19 KodiNaHesabu

Hata wasingeandika. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, kama hakuna mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki ni ya aliyeagiza. Hapa kwetu ukinyamaza, umempa. Kwa hiyo mkataba ndio uwatetee, na ugawe mafungu matatu:

Msimbo ulioandikwa kwa ajili ya Sacco hii: wapeni, baada ya malipo ya mwisho kuingia, si kabla. Maktaba zenu za ndani mnazotumia kwa kila mteja (kuingia kwa namba ya siri, kuunganisha na pesa za simu, uchapishaji wa risiti): zinabaki zenu, Sacco inapata leseni ya kudumu ya kuzitumia bila kuziuza. Vya watu wengine: vinabaki na leseni zake, na orodha iwe kiambatisho. Orodha mtakayoipata kwa ukaguzi wa dada hapo #15 ndiyo kiambatisho chenyewe.

#20 FundiMsimbo

Niongeze funguo za sahihi. Faili la funguo la Android na nywila zake vikabidhiwe kwa maandishi. Mkitumia Play App Signing, ufunguo mkuu unakaa Google na ule wa kupakilia ukipotea unaombewa mwingine. Bila hiyo, ukipotea programu haisasishwi tena kwa jina lilelile. Kwa taarifa za simu (push notifications) za iPhone tumieni ufunguo wa aina ya .p8, hauishi muda; cheti cha zamani kinakufa kila mwaka na taarifa zinakatika kimya.

#21 MwanaJinja

Nimepanga hivi, nisahihisheni. Flutter: 0. Visual Studio Community kwa mashine moja ya Windows, baada ya Sacco kuthibitisha kwa barua kuwa mapato yake hayavuki dola milioni 1 na watumiaji hawazidi 250: 0. Codemagic: 0. Apple 356,400 kwa mwaka na Google 90,000 mara moja, zote kwa Sacco. Mwaka wa kwanza 446,400, wa pili 356,400, kabla ya kodi na benki. Firebase, huduma ya Google, kwa taarifa za simu: 0.

#22 DadaSeva

Firebase iangalie tena. Taarifa za simu peke yake ni bure kweli. Lakini mkitaka Cloud Functions, au kuhifadhi picha za vitambulisho kwenye Cloud Storage, lazima mpango wa Blaze, wenye kadi na bili inayopanda na matumizi. Na Blaze haina kikomo kigumu: tahadhari ya bajeti inatuma barua pepe tu, haizimi huduma. Kadi iwe ya Sacco. Na mkishika vitambulisho vya wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawadai usajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, Sacco na ninyi pia kama wasindikaji. Huo ni mstari mwingine wa bajeti.

Halafu ongeza 18% na ile 5% ya benki kwenye ada ya Apple kama tahadhari, mteja aone karibu 440,000 badala ya 356,400. Afadhali abaki na chenji.

#23 MwanaJinja

Sawa. Nianze na nini wiki hii?

#24 DadaSeva

Namba ya D-U-N-S ya Sacco. Chukua cheti chao, nakili jina kama lilivyoandikwa, na nukta zake. Wakati mnasubiri, wasajili kikoa na waweke ukurasa mmoja wenye jina hilohilo na anwani hiyohiyo. Msimbo unaweza kusubiri, hayo mawili hayasubiri.